Pori uani Tabora: jembe lako, vibarua, dawa au kufunika?

Mlango wa jikoni wa nyumba niliyoachiwa Isevya ulikuwa haufunguki. Haikuwa kutu. Ukoka ulikuwa umepanda hadi kizingitini na kujishona kwenye ubao. Nilipousukuma kwa bega nikaona uani pote: majani ya magotini, kishona nguo kilichokauka kikisubiri suruali ya kupanda, rundo la matofali yaliyosalia kwenye ujenzi, mabati mabovu matatu, na miembe miwili iliyomwaga majani tabaka juu ya tabaka mpaka ukikanyaga unabonyea. Miaka sita hakuna aliyepagusa.

Ushauri ulikuja kabla sijauomba. Mzee wa nyumba ya pili, baada ya "mwangaluka" na salamu zake ndefu, aliniambia nitafute vijana wawili, keshokutwa tutaanika nguo hapo. Mama wa ng'ambo ya barabara akasema, "Mwanangu usijiue, piga dawa." Shemeji yangu anayelima mboga Ipuli akasema nifunike, nisubiri, nitafunua udongo mwororo. Mimi nilikuwa nimeshanunua jembe.

Mwisho wa yote nilijaribu njia zote nne, kila moja kwenye kipande chake. Ua wenyewe ni mita 15 kwa 20, kwa hiyo nafasi ilitosha kukosea mara nne. Kama nawe umesimama kwenye mlango kama ule hujui uanzie wapi, ulinganisho huu ni wako.

Chimba kwanza, amua baadaye

Wengi huchagua njia kwa kutazama urefu wa majani. Urefu hausemi kitu. Majani ya kifuani yanaweza kuwa kazi nyepesi kuliko zulia fupi la kijani lililolala chini. Chukua jembe, fukua mashimo matatu au manne sehemu mbalimbali, kina cha kiganja na nusu, kisha pekua udongo kwa vidole.

Ukikuta mizizi ya kawaida inayong'oka pamoja na shina lake, una magugu ya mbegu: kishona nguo, mbigili, nyasi za msimu. Ukiyang'oa yamekwisha, tatizo lake ni mbegu zilizokwisha kudondoka. Katikati yake unaweza kukuta mgagani au mlenda, na hiyo usiitupe, ni mboga ya jioni.

Ukikuta kamba nyeupe ngumu zinazotambaa kwenda pembeni, zenye kifundo kila baada ya hatua fupi, huo ni ukoka. Kila kifundo kina uwezo wa kuwa mmea.

Ukikuta vipunje vya rangi ya kahawia iliyokolea, vina harufu kidogo ya manukato, vimeungwa kwa uzi kimoja baada ya kingine kama tasbihi, pole. Hiyo ni ndago. Juu ya ardhi utaijua kwa shina lake: lizungushe kati ya kidole gumba na cha shahada, utazihisi pembe tatu. Vipunje vingi hukaa kwenye sentimita 15 za juu, vingine huzama zaidi, na vinaweza kulala chini miaka bila kufa.

Tunapima nini

Nimetumia vigezo vitano: fedha, jasho na siku, kinachobaki chini ya ardhi, hatari, na udongo unabaki vipi. Halafu nimejiwekea sharti moja: sipimi siku ya kumaliza kazi, kwa sababu siku hiyo kila njia hupendeza. Napima mwezi wa pili, mvua zikiwa zimekolea. Tabora tuna msimu mmoja wa mvua, Novemba hadi Aprili, na kuanzia Mei hadi Oktoba ni ukavu mtupu. Kalenda hiyo ina sauti kubwa kuliko jembe lolote, utaona.

Njia zenyewe ni hizi. *Jembe lako*: wewe mwenyewe, kipande kwa kipande, unalima na kuokota mizizi. *Vibarua*: watu wawili watatu, kazi ya kipande, siku mbili wamemaliza. *Dawa*: bomba la mgongoni na kiuagugu, hasa chenye glaifoseti, ambayo huingia kwenye majani na kushuka hadi mizizini. *Kufunika*: unafyeka hadi chini, unalaza maboksi, nailoni nyeusi au tabaka nene la majani, unaacha giza lifanye kazi.

Fedha

Jembe lako ndiyo njia ya bei ndogo ikiwa vifaa vipo. Unahitaji jembe, panga, fyekeo, reki na tupa ya kunolea. Watu husahau tupa, kisha wanalalamika mgongo. Jembe butu linapiga udongo, halikati.

Vibarua bei yao hufuata mvua. Novemba ikigonga kila mwenye mikono yuko shambani kwake, na wachache waliobaki mjini wanajua thamani yao. Julai na Agosti mnazungumza vizuri. Ukipatana kazi ya kipande, lipime eneo kwa hatua mkiwa wote mnatembea. "Mpaka pale kwenye mwembe" imeshavunja urafiki wa watu wengi. Na mpatane mapema taka zinakwenda wapi na nani anazisomba, maana guta la kubeba taka ni malipo mengine.

Dawa yenyewe kwa ua wa kawaida si gharama kubwa. Kinachokula hela ni bomba, glovu na buti kama huna, ingawa bomba unaweza kuazima au kukodi. Hesabu pia kurudia, kwa sababu mara nyingi utarudia.

Kufunika kunaweza kuwa karibu bure. Mji huu una miembe kila kona na majani yake hayana mwenyewe. Mashine za kukoboa mpunga zina pumba, na baada ya mavuno maganda ya karanga yako tele. Unalipia kubebewa tu. Nailoni nyeusi ndiyo ya kununua.

Jasho na siku

Nilikuwa nashika jembe saa 12 asubuhi na kuliweka saa moja na nusu. Penye ukoka mzito muda huo ulinipa mraba wa mita 2 kwa 2, basi. Penye magugu ya mbegu nilikwenda mara tatu ya hapo. Kipande changu cha jembe kilikuwa kama theluthi ya ua na kilinila wiki tano, Jumamosi na Jumapili nikipumzika. Siku tatu za kwanza viganja vilitoka malengelenge, ya nne nikanunua glovu, ingekuwa busara kuanza nazo.

Vibarua walimaliza eneo kubwa kuliko langu kwa siku mbili, na walikuwa wakipiga soga.

Dawa ni saa moja ya kupiga, kisha siku 7 hadi 14 za kusubiri majani yageuke rangi. Hapo bado una mabua makavu ya kuondoa.

Kufunika ni siku moja ya kazi na miezi ya subira. Magugu ya mbegu huisha nguvu ndani ya miezi miwili hivi. Ukoka utakudai msimu mzima.

Kinachobaki chini

Hapa ndipo njia hizi zinapoachana, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Nianze na vibarua, maana ndio waliolaumiwa sana nyumbani kwangu na hawakustahili. Mtu anayelipwa kwa eneo hulima eneo. Hukwatua juu juu, jembe linakata kamba za ukoka vipande vipande, vipande vinafukiwa, pananyooka vizuri. Siku ile mama mkwe alikuja kuona akasema panang'aa kuliko uwanja wa ikulu. Mvua za kwanza za Novemba zikanyesha. Baada ya siku kumi ukoka ulitokeza kwa mistari, umefuata kila mpigo wa jembe, kama mtu aliyepanda mahindi kwa kamba. Tulikuwa tumelipa ili tupandiwe ukoka.

Mwaka uliofuata niliwaita vijana walewale, nikabadilisha malipo. Nusu nililipa kwa kulima, nusu nililipa kwa gunia la mizizi iliyookotwa na kukung'utwa udongo. Ghafla kila mtu akawa na macho. Walitoa magunia manne kwenye eneo ambalo mwaka jana halikutoa hata moja. Ukichukua kitu kimoja tu kutoka hapa kuhusu vibarua, chukua gunia.

Jembe lako lina faida moja ambayo haiuzwi: huna haraka. Penye ukoka nilikuwa napiga jembe kwa kina, nainua bonge zima badala ya kulivuta, nalipigapiga kwa mgongo wa jembe mpaka udongo udondoke, kisha nashika kamba kwa mkono na kuifuata. Ukiivuta kwa pupa inakatika na sauti ndogo, *tak*, na unajua umeacha kipande. Ukiifuata taratibu inatoka ndefu kama waya wa redio. Mizizi unaitandaza juu ya bati lenye jua, siyo juu ya udongo. Wiki moja ya jua la Agosti inaikausha hadi inavunjika kama tambi. Ukiirundika ikiwa mbichi pembeni mwa ua, rundo lenyewe litaota.

Ndago inataka akili nyingine. Vile vipunje vikiwa vimeungana kwenye uzi, vya mbele huota na vya nyuma hulala. Jembe likikata uzi, vilivyolala huamka. Ndiyo maana mtu analima penye ndago wakati wa mvua, mwezi mmoja baadaye ndago imekuwa maradufu, na anadhani karogwa. Lakini ndago ina udhaifu: haivumilii kukauka. Ukifukua Julai au Agosti, ukavileta vipunje juu vikalala kwenye jua na upepo, vingi vinasinyaa na kufa. Jembe lilelile linaloeneza ndago Januari ndilo linaloipunguza Agosti.

Dawa nayo ina mwezi wake, na ni kinyume. Glaifoseti huingizwa na jani bichi linalokua. Ukipiga kwenye majani makavu ya Septemba umemwagilia vumbi. Ukiifikisha kwenye ukoka wa kijani kati ya Desemba na Machi, siku isiyo na mvua ya karibu, inashuka hadi kwenye kamba za chini na kufanya kazi ambayo jembe langu lilifanya kwa wiki tano. Lazima niseme hivyo ingawa moyo wangu uko na jembe. Usifyeke kwanza, dawa inahitaji jani la kuingilia. Kwa ndago inaua mmea uliochomoza na baadhi ya vipunje vyake, vilivyolala vinabaki, kwa hiyo unangoja vichomoze, unarudia. Mbegu zilizo ardhini haizigusi kabisa. Tena usichanganye na dawa za kuunguza majani tu. Zile siku ya pili zinaonyesha maajabu, wiki ya tatu ukoka unakucheka.

Kufunika kunafanya vizuri sana kwa magugu ya mbegu. Ukoka unadhoofika lakini unatoroka: unatambaa chini ya kifuniko mpaka ukingoni, unatoa kichwa, unavuta pumzi. Kingo lazima uzizungukie kila wiki. Ndago ndiyo haiheshimu kitu. Ncha yake ni kali kiasi cha kutoboa nailoni, nimekuta imechomoza katikati ya nailoni mpya kama sindano.

Halafu kuna jambo ambalo ushauri wa kufunika unaotoka nchi nyingine haukuambii: mchwa. Nililaza maboksi mwezi wa sita, nikamwagia maji, nikaweka majani ya mwembe juu. Katikati ya Agosti nikainua kona moja nione maendeleo. Boksi halikuwepo. Palikuwa na utando mwembamba wa udongo, wenye umbo la boksi lilelile na mikunjo yake, na ukiugusa unavunjika. Mchwa wamekula karatasi yote na kuacha tope lao mahali pake. Kiangazi cha Tabora kila kitu kingine ni kikavu, umewatandikia mchwa chakula chenye unyevu, unatarajia nini? Maboksi yana maana mvua zikianza. Kiangazi tumia nailoni, au acha.

Hatari

Rundo la matofali na bati lililolala chini ni nyumba ya mtu. Kwetu huku mtu huyo anaweza kuwa kifutu, nyoka ambaye hakimbii, analala palepale rangi moja na majani makavu, au swila. Vaa gambuti. Bati liinue kwa fimbo ndefu au mtaimbo ukiwa umesimama upande ambao bati lenyewe litakukinga, lifunguke upande wa pili. Matofali ondoa moja moja kutoka juu. Akiuma, usichanje, usinyonye, usifunge kamba. Mtulize mgonjwa asitembee, mkimbize hospitali. Hili linahusu jembe lako na vibarua sawasawa, ila kwa vibarua unaongeza wajibu: uwaonyeshe bomba la maji linapopita na choo cha zamani kilipokuwa. Kwangu shimo la zamani lilikuwa limefunikwa kwa mabanzi na udongo kiasi, nililigundua kwa kuchomachoma mtaimbo kabla ya mtu kulikanyaga. Wazee wa mtaa wanakumbuka vyoo vilipokuwa. Waulize. Na kama hujachoma chanjo ya pepopunda muda mrefu, misumari ya mabati ya zamani haina huruma.

Dawa hatari yake haionekani, na hilo ndilo tatizo. Mara ya kwanza nilinunua dukani imepimwa kwenye chupa ya soda, haina lebo. Haikuua hata jani, na mpaka leo sijui ilikuwa feki, ya zamani au maji ya rangi. Ila kuikosa nguvu lilikuwa jambo dogo. Jambo kubwa ni kwamba nilikuwa nimeleta chupa ya soda yenye sumu kwenye nyumba yenye watoto. Nunua chombo kilichofungwa, chenye lebo ya Kiswahili na usajili wa TPHPA, yaani Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na fuata kipimo kilichoandikwa. Parakwati, mojawapo ya zile dawa za kuunguza majani, iogope zaidi: ikimezwa haina dawa ya kuiondoa mwilini. Kuhusu glaifoseti mjadala haujaisha. Mwaka 2015 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya WHO, liliiweka kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. Mamlaka za udhibiti za Marekani na Umoja wa Ulaya hazikukubaliana na hitimisho hilo. Mwenye kuku wanaodonoa uani, kisima karibu, au mchicha wa jirani upande upepo unakokwenda, ana sababu ya kufikiri mara mbili hata bila mjadala huo.

Kufunika ni salama kuliko zote, isipokuwa nge hupenda chini ya kifuniko, na mchwa uliowaita wanaweza kuendelea hadi kwenye fremu za milango. Acha mita moja tupu kati ya kifuniko na ukuta.

Udongo unabaki vipi

Sehemu kubwa ya mji udongo ni kichanga, na kichanga kilichovuliwa nguo Agosti kinapeperuka, kisha mvua ya kwanza inakisomba. Hilo ni doa la jembe na vibarua kwa pamoja. Dawa hapa inashinda jambo moja ambalo watu hawalitaji: mizizi iliyokufa inabaki ikishika udongo, hasa penye mteremko. Kufunika ndiko kunakoacha udongo bora. Nilipofunua chini ya majani ya mwembe na pumba mwezi wa nne, palikuwa peusi na minyoo ilikuwepo, kitu ambacho kwenye kipande cha vibarua sikukiona. Vibarua wasiposimamiwa hutupa udongo mzuri pamoja na majani, waambie wakung'ute.

Na moto? Na mbuzi?

Moto utauliziwa na kila jirani. Unaondoa kilicho juu, kamba za ukoka zilizo chini hazisikii kitu, na baada ya mvua ukoka ndio wa kwanza kuota kwa sababu washindani wake wameungua. Plastiki zilizo kwenye taka zinatoa moshi wa sumu, miembe inaungua mizizi ya juu, na Agosti upepo haukuombi ruhusa kupeleka cheche kwa jirani.

Mbuzi wawili wa kuazima ni wazuri kwa kupunguza majani kabla ya kuanza kazi. Wanakula juu tu, na ukigeuza macho wamekula mpapai.

Inamfaa nani

Jembe lako ni la mwenye afya, asubuhi zake ni zake, na atakaa kwenye nyumba hiyo. Atajua kila futi ya ua wake, jambo ambalo pesa haileti. Halimfai anayeanza kwa hasira Jumamosi moja na kuacha Jumatatu. Ua uliolimwa nusu ni mbaya kuliko pori.

Vibarua ni wa mwenye tarehe, mwenye mgongo mbovu, au aliye mbali na nyumba lakini ana mtu wa kusimamia. Bila msimamizi, unalipia sura.

Dawa ni ya mwenye ukoka mpana, asiye na watoto wadogo wala kuku eneo hilo, na anayeweza kusoma lebo na kuitii.

Kufunika ni kwa mwenye subira anayetaka bustani, siyo uwanja wa kuanikia nguo.

Kwa hali yako

*Ni Juni hadi Agosti, chini kuna ukoka au ndago, huna haraka.* Jembe lako, au vibarua wa gunia. Huu ndio wakati jua linafanya nusu ya kazi bure.

*Kuna shughuli nyumbani baada ya wiki mbili.* Vibarua, na ukubali kwamba ukoka utarudi. Weka akiba kidogo ya kuwaita tena kiangazi kijacho kwa mizizi.

*Ni Januari, ukoka wa kijani umefunika kila kitu.* Usilime. Au piga dawa ikiwa mazingira yanaruhusu, au fyeka kila wiki mbili uudhoofishe hadi Mei, kisha ingia na jembe.

*Ni Januari na ni ndago.* Jembe liweke ukutani. Ivute kwa mkono au iparue kila inapochomoza, usiipe nafasi ya kulisha vipunje, ungoje kiangazi.

*Umepanga, hujui kama mwakani utakuwepo.* Fyekeo na majani ya kufunika yanatosha. Kung'oa ukoka wa mwenye nyumba kwa wiki tano ni zawadi ambayo hatajua umempa.

*Mama au baba anaishi peke yake kwenye nyumba hiyo.* Gawa ua vipande vinne, mlipe kijana mmoja unayemwamini amalize kimoja kila mwezi kuanzia Mei. Anza na njia ya chooni na kuzunguka madirisha, ambako nyoka ni hatari zaidi.

*Utamwaga zege au kujenga banda hapo.* Vibarua wa kawaida, bila gunia. Usipoteze hela kwenye mizizi itakayofukiwa.

*Unataka kula kutoka hapo.* Changanya. Jembe Julai, mizizi juu ya bati, samadi kidogo, na mvua zikikolea Desemba panda matembele yatambae yafunge ardhi, kwa sababu ndago haipendi kivuli. Kile kipande changu cha wiki tano ndicho nilichofanya hivyo. Mwezi wa tano nilipochimba viazi nilikuta tasbihi chache zilizosinyaa na kamba mbili za ukoka upande wa kwa jirani, ambaye bado analima Januari. Viazi vidogo mama mkwe alivichukua vyote akakata michembe, na ilipokosa pa kuanikwa akaitandaza juu ya yale mabati mabovu matatu.